Kukopa arusi, kulipa matanga: historia ya madeni na sikukuu hapa Kisangani

KISANGANI – Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, tunaulizwa swali moja kila mwaka, sokoni na kwenye kivuko cha mto: mtu mwenye deni afanye nini na Noeli na Bonana? Alipe deni, watoto wabaki bila nguo? Ao anunue nguo, mwenye kudai akasirike? Na kama katikati ya hayo matanga yanaingia kwa jamaa, atoe nini?

Wengine wanajibu haraka: "Mwenye deni asifanye sikukuu." Jibu hilo ni rahisi kwa mtu asiye na wakwe. Katika mji wetu, kutokuja matangani mikono mitupu, kumvika mtoto siku ya Bonana na kumpelekea mama mkwe kikwembe ni njia za kubaki mtu kati ya watu. Kabla ya kumhukumu mtu, tutazame kwanza deni na zawadi vilivyotembea pamoja hapa kwetu tangu zamani. Historia hiyo inafundisha mambo ambayo daftari la butiki halifundishi.

Chuma kilichokuwa mahari

Kabla ya franga kufika, watu wa mto upande wa chini ya maporomoko, Walokele, Watopoke na majirani zao, walikuwa na feza ya chuma. Wengi waliiita ngbele. Ilikuwa bamba kubwa lenye umbo la kichwa cha mkuki, na nyingine zilipita urefu wa metre moja na nusu. Hakuna mtu aliyeenda nayo vitani wala kukatia miti. Kazi yake ilikuwa kutolewa, na hasa kutolewa mahari.

Tuangalie namna ilivyofanya kazi. Jamaa iliyooza binti ilipokea vyuma. Haikuvila, kwa sababu chuma hakiliwi. Iliviweka mpaka mtoto mwanaume wa jamaa hiyohiyo alipotaka kuoa, kisha vikatoka tena. Kwa hiyo zawadi ya arusi moja ilikuwa akiba ya arusi nyingine. Jamaa ambayo haikuwa na vyuma vya kutosha ilitoa sehemu, sehemu nyingine ikabaki deni, na wazee wa pande mbili ndio waliokuwa mashahidi. Deni hilo lilikuwa na uzito, lakini halikuzaa. Vyuma kumi vilivyobaki mwaka huu vilikuwa vyuma kumi hata mtoto wa arusi hiyo akianza kutembea.

Mpaka leo sheria inafuata njia hiyo. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakubali kwamba ndoa inaweza kufungwa mahari ikiwa imetolewa angalau kwa sehemu. Kijana anayekopa kwa riba ili atoe mahari yote siku moja anajitwika mzigo ambao hata wazee wa zamani hawakumtwika mkwe wao.

Kiswahili chetu kilikuja na mkopo

Wachache wanafikiri juu ya jambo hili: Kiswahili tunachosema hapa Kisangani kilifika pamoja na deni. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, hakutoka pwani na mali yake mwenyewe tu. Nguo, shanga na baruti za msafara zilikopwa kwa wafanyabiashara wa Zanzibar. Mkubwa kati yao alikuwa Mhindi aitwaye Taria Topan. Msafara uliingia bara miaka mingi, na deni lilikuwa likingoja pwani. Lililipwa kwa meno ya tembo.

Tippu Tip alieleza maisha yake katika kitabu alichokiandika kwa Kiswahili, na habari za mali ya kukopa zimo. Stanley aliacha kituo kwenye maporomoko mwaka 1883. Mwaka 1887 Serikali ya mfalme Leopold ikamweka Tippu Tip kuwa wali wa maporomoko hayo. Mwaka 1890 aliondoka kurudi pwani, na alikufa Zanzibar mwaka 1905.

Lakini tuulize: deni lile lililipwa na nani? Aliyelitia sahihi alikuwa pwani. Waliobeba meno ya tembo vichwani, waliotekwa, waliochomewa vijiji ili njia ya pembe ifunguke, walikuwa watu wa huku kwetu. Hawakukopa hata shanga moja. Hili ni fundisho la kwanza kwa baba ao mama anayekopa kwa siri: mara nyingi deni halilipwi na aliyelikopa. Linalipwa na mtoto aliyefukuzwa shuleni, na mke ambaye mtaji wake wa samaki umeingia mfukoni mwa mwenye kudai. Kwa hiyo wale watakaolipa wana haki ya kujua kabla ya mkopo kuchukuliwa.

Franga, kodi na Bonana

Wakati wa Wabelgiji, kodi ilianza kudaiwa kwa franga. Mtu aliyeishi kwa samaki, ndizi na mawese alilazimika kutafuta sarafu kila mwaka, ao afungwe. Wengi walikuja Stanleyville kutafuta kazi ya bandari, ya reli ao ya nyumba za wazungu. Hapo ndipo mwezi ulipopata mwisho: siku ya mshahara. Na penye siku ya mshahara, siku za kabla yake huwa za kukopa.

Sikukuu nazo zikafuata kalenda ya misheni na ya kazi. Noeli na Pasaka zikaingia, na "bonne année" ya Wafaransa na Wabelgiji ikawa Bonana yetu. Tazameni tofauti. Arusi na matanga vilikuja vyenyewe, leo kwangu, kesho kwako, na jirani asiye na tukio alikuwa na nguvu za kumsaidia mwenye tukio. Bonana inatuangukia wote siku moja. Siku hiyo hakuna jirani mwenye nafasi, na bei za nguo, kuku na mchele zinapanda kwa sababu wote tunanunua pamoja. Sikukuu ya namna hiyo haiwezi kubebwa na jirani. Inabebwa na miezi iliyotangulia.

Noeli ya 1979

Sasa tufike kwenye kidonda ambacho wazee wetu wanakikumbuka vizuri. Mwaka 1967 zaïre ilichukua nafasi ya franga: zaïre 1 kwa franga 1.000. Siku zile zaïre moja ilikuwa sawa na dola 2. Watu waliamini noti zao, wakaziweka sandukuni, chini ya godoro, ndani ya chungu.

Tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na za zaïre 10 hazina tena thamani. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi cha kubadilishwa kwa kila mtu kiliwekewa mpaka. Waliokuwa mbali na benki, porini ao mashambani, noti zao zikawa karatasi. Mtu aliyejinyima mwaka mzima aliikosa akiba yake siku ya sikukuu.

Haikuishia hapo. Mwaka 1993 zaïre mpya ililetwa: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franga ya Kongo ikarudi: franga 1 kwa zaïre mpya 100.000. Pigeni hesabu: franga moja ya mwaka 1998 ilimeza zaïre za zamani bilioni 300. Mzee aliyeweka noti tangu ujana wake hakubaki na kitu.

Kwa hiyo tusishangae wazazi wetu walipoacha kuamini noti. Walianza kuhesabu madeni makubwa kwa dola. Walinunua mabati, mbuzi, vikwembe. Zaidi ya yote, waliweka akiba ndani ya watu: nimekuchangia matanga yako, utanichangia yangu. Wataalamu waliita hiyo tabia ya kupoteza. Lakini katika miaka ambayo noti ilikufa mara tatu, mtu aliyetumia feza zake kwa arusi ya mpwa wake alibaki na mpwa, na aliyezifungia sandukuni alibaki na sanduku.

Deni la Siku Sita

Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, karibu 1.700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4.000 zilizoharibika. Hatutaeleza zaidi. Wengi wenu mlikuwepo.

Tunaitaja hapa kwa sababu vita hiyo iliacha deni lililoandikwa. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe inchi yetu dola milioni 325 kwa uharibifu wa miaka ile ya vita: milioni 225 kwa watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Malipo yalikatwa vipande vitano vya dola milioni 65, kimoja kila mwaka kuanzia 2022. Mfuko FRIVAO uliowekwa na serikali kwa ajili ya wahanga una makao yake hapa Kisangani.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza: hata taifa halilipi deni kubwa kwa siku moja. Linakata vipande, kila kipande na tarehe yake. Mwenye deni la dola 80 asione haya kumwendea anayemdai na kusema: "Nitakupa 10 kila mwisho wa mwezi, kwa miezi 8, tuandike." La pili: feza ambayo haijafika mkononi si feza. Jina kuwa kwenye orodha ya malipo, hata likiwa la haki kabisa, lisiwe sababu ya kukopa leo kwa riba. Orodha inaweza kungoja miaka, lakini riba haingoji hata mwezi.

Milango miwili: likelemba na Lambert

Leo mtu wa Kisangani anayehitaji feza ana milango miwili iliyo karibu.

Mlango wa kwanza ni likelemba. Watu 10 wanatoa franga 10.000 kila juma, na kila juma mmoja anakula 100.000. Baada ya majuma 10 wote wamekula. Hakuna riba. Aliyekula wa kwanza amekopeshwa na wenzake, na aliyekula wa mwisho ameweka akiba.

Mlango wa pili ni ule tunaouita benki Lambert. Si benki, ni mtu. Unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukikosa, unatoa 50 ya riba, na 100 inabaki palepale. Mtu anayetoa 50 kila mwezi kwa miezi minne ameishatoa dola 200, na bado anadaiwa 100.

Mimi ninayeandika habari hii niliingia mlango huo mwaka fulani, kwa ajili ya Bonana. Wakwe walikuwa wanakuja. Niliona haya kuwapokea kwa sombe na samaki. Nilikopa dola 100. Wakwe walikula siku mbili, wakasifu, wakaondoka. Pasaka ilinikuta ninatoa riba, na redio yangu, chombo cha kazi yangu, ilikuwa imeishauzwa. Baadaye baba mkwe aliposikia alisema: "Mwanangu, ungetuambia. Hata sombe tungekula." Neno hilo liliniuma kuliko riba.

Wazee walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Unakopa kwa furaha, unalipa kwa machozi.

Kwa jamaa waliohama

Tangu mwezi wa 2 mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga yamefukuza jamaa nyingi. Watu walivuka mto kwa mitumbwi na watoto na godoro moja. Mali ilibaki upande ule. Madeni yalivuka nao.

Kuna likelemba zilizovunjika katikati: nusu walikula, nusu bado, na wanachama wametawanyika. Kuna mahari zilizotolewa nusu. Kuna mkopo wa mtaji ambao bidhaa zake ziliungua ndani ya nyumba. Tunalosema hapa si sheria. Ni desturi ya wazee, nayo imepita vita nyingi: deni lililoharibiwa na vita halifutwi kwa kunyamaza, wala halidaiwi kama vile vita haikuwepo. Watu wanakaa chini mbele ya mashahidi.

Kwa likelemba iliyovunjika, andikeni majina ya wote. Andikeni nani alikula na nani hajala. Waliokula warudishe kidogokidogo, hata franga 2.000 kwa juma, kuanzia kwa mwanachama mwenye shida kubwa zaidi, kwa mfano mama anayekaribia kuzaa. Kwa mahari, wakwe wakutane wakubaliane kwamba sehemu iliyobaki inangoja amani. Hakuna mzee wa kweli atakayemdai mkwe wake mbuzi aliyeungua.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza mchele na mafuta ya mawese sokoni. Baada ya chakula, kodi ya nyumba na shule, anabaki na franga 60.000 kwa mwezi. Ana deni la 200.000, sehemu kwa butiki, sehemu kwa ndugu, bila riba. Mbele yake kuna mwaka mzima: Bonana, kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa 3, mtoto anayengoja matokeo ya Exetat, na matanga ambayo tarehe yake haijulikani lakini yatakuja. Anaandika yote, anakadiria: 240.000 kwa mwaka. Kugawa kwa miezi 12 ni 20.000 kila mwezi.

Akitoa 60.000 zote kwa deni, atamaliza mwezi wa 4. Hesabu inapendeza. Lakini matanga yakiingia mwezi wa 2, hana kitu, na jioni ileile yuko mlangoni kwa Lambert. Akitoa 40.000 kwa deni na kuweka 20.000 ya sikukuu, atamaliza mwezi wa 5. Amechelewa mwezi mmoja tu, lakini matanga yakija ana mahali pa kuchukua hata kidogo. Kile kisanduku cha sikukuu ndicho kinachozuia deni la pili.

Kama deni lenyewe ni la Lambert, mpango unabadilika. Hilo lilipwe kwanza kuliko yote. Mwendee ndugu ao kanisa, uza kitu kisicho cha kazi, omba kula likelemba wa kwanza, ufunge mlango huo. Katika miezi hiyo, sikukuu iwe ya mikono tu.

Na mikono si kitu kidogo. Matangani, anayechota maji, anayepasua kuni na anayelala na wafiwa anakumbukwa kuliko bahasha. Kwenye sherehe ya Exetat, unga mweupe kichwani mwa mtoto na majirani wanaoimba havidai dola. Watoto nao waambiwe mapema, mwezi wa 9, si usiku wa Noeli: "Mwaka huu nguo moja, viatu mwaka ujao." Mtoto aliyeambiwa mapema hulia mapema, na siku ya sikukuu anacheza.

Kisanduku hicho msikiache na noti nyingi muda mrefu. Noeli ya 1979 isisahauliwe. Kikwembe cha mama mkwe kinunuliwe mwezi wa 8, kabla bei haijapanda. Viatu vya watoto kimoja baada ya kingine. Mchele wa Bonana kwa vipimo, mwezi wa 10 na wa 11. Hivyo ndivyo watu wa ngbele walivyofanya: waligeuza akiba kuwa kitu kisichokufa usiku mmoja.

Jamaa iliyo na likelemba iliyovunjika kwa sababu ya kuhama, na ambayo ingependa wanachama wake watafutwe, ituletee majina ya kikundi na mahali kilipokutanikia. Tutayasoma, ili waliobaki hai wakutane na kuhesabu upya.